Usishushe Injini Bado

Swali: Nimenunua Mazda MX-5 ya mwaka 1991, injini ya 1.6, iliyokuwa imelala bandani miaka sita. Muuzaji aliiwasha kwa betri ya kuazima. Ikawaka, ikatoa mlio wa kugongagonga juu ya injini, nasi tukaizima baada ya dakika chache. Chini, pale injini inapoungana na giaboksi, inadondosha oili. Pedali ya klachi inazama hadi sakafuni. Fundi niliyemwonyesha anasema sili ya nyuma ya krenki imekufa, injini ishuke, na ikishashuka ifanyiwe yote: ringi, beringi, valvu. Mimi si fundi. Najua kubadili oili na plagi, vifaa vya kawaida ninavyo, na ningependa kulitengeneza mwenyewe siku za mapumziko. Nianzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, injini hiyo haishuki, si kwa ushahidi ulionao sasa.

Simlaumu fundi wako. Oili ikidondoka pale injini inapokutana na giaboksi, sili ya nyuma ya krenki, ule mpira unaozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea nyuma, ni mshukiwa wa haki, na kwenye magari mengi huwa ndiyo yenyewe. Ila MX-5 ya kizazi cha kwanza ina ugonjwa wake. Nyuma kabisa ya silinda hedi, karibu na ukuta unaotenga injini na kabini, kuna kidude cha mviringo chenye waya kilichochomekwa mwishoni mwa kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Hiyo ni sensa ya pembe ya kamshafti, ndiyo inayoiambia kompyuta wakati wa plagi kuchoma na wakati wa injekta kunyunyiza. Kinachozuia oili isitoke hapo ni pete moja ya mpira. Baada ya miaka thelathini pete hiyo imekauka na kuwa ngumu kama plastiki. Oili inapenya, inateremka nyuma ya bloku, inapita juu ya ganda la giaboksi na kudondokea palepale ambapo sili ya krenki ingedondoshea. Ukilala chini ya gari huwezi kuzitofautisha.

Hili nimejifunza kwa mgongo wangu. Miaka ya nyuma nilishusha giaboksi ya gari kama hilo, nikabadili sili ya krenki na klachi, nikarudisha kila kitu kwa wikiendi mbili, nikawasha kwa furaha. Jumatatu asubuhi tone lilikuwa palepale. Pete ya sensa niliibadilisha jioni ile ile, kwa muda usiozidi saa moja, na nusu ya saa hiyo niliitumia kuifikia bolti iliyojificha.

Kwa hiyo pitisha kidole chini ya sensa hiyo, kisha chini ya kona za nyuma za kifuniko cha valvu, maana gasketi ya kifuniko hicho nayo huvuja na oili yake hufuata njia ile ile. Kidole kikirudi na oili, safisha sehemu yote hiyo, badili pete na gasketi, endesha siku kadhaa, kisha chungulia tena chini. Kabla ya kutoa sensa, chora mstari unaovuka kati yake na hedi kwa kalamu ya rangi au msumari. Jinsi ilivyokaa ndiyo taiming ya moto. Ukiirudisha imezunguka kidogo tu, gari litakuwa zito au litagonga. Baadaye ihakiki kwa taa ya taiming: kwenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti unganisha matundu yaliyoandikwa TEN na GND kwa kipande cha waya, injini ikiwa moto na ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta, karibu na mizunguko 850 kwa dakika. Alama ya puli ya krenki inapaswa kusoma nyuzi 10 kabla pistoni haijafika juu.

Ule mlio wa juu ya injini usikunyime usingizi. Tapeti za injini hii, vile vidude vinavyosukuma valvu, zinajirekebisha kwa nguvu ya oili, na gari likilala miaka zinapoteza oili iliyokuwa ndani yake na kuanza kupiga kelele. Oili mpya na safari mbili tatu ndefu huzinyamazisha mara nyingi. Kuhusu ringi, asikuambie mtu zimekufa kabla hajapima kompresheni, yaani presha ya kila silinda: injini ikiwa moto, plagi zote nje, pedali ya mafuta imekanyagwa hadi mwisho. Silinda nne zikisoma namba zinazokaribiana, funika boneti uendelee na mambo mengine. Injini hii ya 1.6 ni ngumu kuliko sura yake. Nimeona nyingi zilizofunguliwa zikiwa nzima, na baadhi hazikufungwa tena.

Kilichozeeka kwenye gari lako ni mpira na vimiminika, wala si chuma. Kilomita zinachakaza chuma. Miaka inachakaza hosi, sili, bushi, mafuta ya breki, petroli na mkanda. Kwa hiyo usitazame dashibodi kujua cha kubadili, tazama tarehe. Kisichokuwa na tarehe unayoiamini, kihesabu kuwa ni cha mwaka 1991.

Kabla hujaliinua gari, piga magoti nyuma ya mlango, mbele ya gurudumu la nyuma, ugonge sehemu ya chini ya bodi kwa mpini wa bisibisi. Hapo ndipo gari hili linapooza. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye paa la turubai yanapokelewa na mfereji nyuma ya viti, kisha yanatolewa kwa njia mbili za kushuka, moja kila upande. Njia hizo zikiziba kwa majani na vumbi, maji yanaingia ndani ya bodi na kukaa humo, na kutu inakula kutoka ndani kwenda nje. Rangi inapoanza kutoa malengelenge, nyuma yake kuna tundu tayari. Mlio mkavu wa chuma ni habari njema. Mlio mzito kama wa kadibodi maana yake kuna puti au hakuna kitu, na jeki ukiiweka karibu na hapo itazama ndani. Mwaga kikombe cha maji kwenye mfereji kila upande: maji yatoke chini, mbele ya gurudumu la nyuma, bila kusitasita. Yakikwama, zibua kwa kitu laini kama mpira mwembamba au kamba ya nailoni. Waya wenye ncha utatoboa njia yenyewe na kukuzidishia kazi.

Ukikuta bodi imeoza sana pande zote mbili, simama hapo ufikiri upya. Injini mbovu inabadilishwa kwa siku moja. Bodi iliyooza inataka mchomeleaji hodari, nawe hutakuwa na la kufanya ila kungoja.

Kama bodi ni nzima, liinue kwa jeki yenye magurudumu, liweke juu ya stendi nne, kisha lisukume kwa nguvu kabla hujaingiza hata mkono. Jeki peke yake si kitu cha kulalia chini yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia tu.

Sasa injini. Mliiwasha tayari na haikufa, shukuru, lakini usiiwashe tena hivyo. Petroli iliyokaa miaka sita imeoza. Inuse: ikinuka kama vanishi iliyochacha badala ya kunuka petroli, inyonye yote kutoka tangini, nje ya banda, mbali na cheche, kizima moto kikiwa karibu. Badili chujio la petroli, ambalo liko chini ya gari upande wa nyuma, na uvae miwani, kwa sababu mfumo wa injekta unabaki na presha hata gari likiwa limezimwa. Kagua pia vipande vyote vya hosi ya petroli chini ya boneti. Mpira wenye nyufa hapo hauna mjadala.

Mwaga oili, weka mpya na chujio jipya. Waswahili wamesema mtaka cha mvunguni sharuti ainame. Mtaka chujio la oili la gari hili sharuti alale chali, maana limejificha chini ya manifoldi ya kuingizia hewa na linakusubiri likuchome mkono. Subiri injini ipoe. Kisha toa plagi zote nne, tia matone machache ya oili kila silinda, na uzungushe injini kwa mkono kwa boksi ya milimita 21 kwenye bolti ya puli ya krenki, kwa mwendo wa saa ukiwa umesimama mbele ya gari. Izungushe mara mbili nzima. Ikizunguka bila kukwama, chomoa plagi ya waya ya ile sensa ya kamshafti ili kusiwe na moto wala petroli, piga stata kwa vipindi vifupi, na utazame geji ya presha ya oili. Gari la mwaka wako lina geji ya kweli, inayosoma presha yenyewe. Matoleo ya mwishoni mwa kizazi hicho yaliwekewa ya kudanganya macho tu. Sindano ikipanda, rudisha plagi na waya. Plagi zinakazwa kwa Nm 15 hadi 23 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), ambayo ni kidogo kuliko mkono wako unavyodhani. Hedi ni ya aluminiamu, na nyuzi zake zikiliwa utanikumbuka.

Halafu acha injini kabisa, nenda kwenye breki. Najua unatamani kulisikia likinguruma barabarani, lakini gari lisilosimama halina haki ya kwenda.

Mafuta ya breki yanafyonza unyevu wa hewa kupitia hosi na kifuniko. Mafuta ya breki ya aina ya DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230 za selsiasi. Yakishajaa unyevu, kiwango kinachokubalika kinashuka hadi 155. Maji hayo hayo yanatia kutu pistoni za kalipa na masta silinda kutoka ndani. Kwa hiyo usiridhike kwa kuona chupa imejaa. Toa mafuta yote ya zamani kwa kupampu gurudumu moja baada ya jingine, chupa isikauke hata mara moja, hadi yanayotoka yawe meupe kama uliyomimina. Hosi nne za mpira ziwe mpya. Toa kila kalipa kwenye mabano yake, safisha pini inazotelezea juu yake na uzipake grisi ya breki, si grisi yoyote uliyonayo koponi.

Kalipa za nyuma ndizo zenye ukaidi, kwa sababu zimebeba pia breki ya mkono, na gari likilazwa breki ya mkono ikiwa juu pistoni zinaganda. Wenye gari wengi huzirudisha nyuma kwa kuzibana na mwishowe kuziua. Pistoni hizi hurudi kwa skrubu. Nyuma ya kalipa kuna bolti ya kufunika ya milimita 14; itoe, ndani utakuta tundu la spana ya pembe sita ya milimita 4. Zungusha upande unaorudisha pistoni ndani, weka padi mpya, kisha kaza hadi padi ziishike diski na ulegeze theluthi moja ya mzunguko. Fanya hivyo kabla hujagusa kebo ya breki ya mkono. Watu hukaza kebo mwaka baada ya mwaka, na kumbe kilicholegea ni hapa.

Klachi yako inayozama ni jambo dogo. Silinda ndogo ya klachi, ile iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi kwa bolti mbili, ni kitu cha kuchakaa kwenye magari haya kama padi za breki. Vuta kifuniko chake cha mpira: kikitoa maji meusi, imekufa. Badili hiyo, masta silinda ya juu, na hosi kati yao, vyote kwa mkupuo mmoja. Ukibadili moja tu, presha mpya itaiua ile iliyobaki baada ya wiki chache. Inawezekana pia sahani ya klachi imegandana na gurudumu zito la nyuma ya injini (flaiwili) kwa kulala muda mrefu. Utajua kama pedali imekuwa imara na bado gia haziingii injini ikinguruma. Mara nyingi joto la injini na kuanza mwendo mara chache mahali pa wazi huiachilia.

Ukiwa chini huko, badili oili ya giaboksi na ya difu. Kuna kanuni moja iliyoniokoa mara nyingi: legeza bolti ya kujazia kabla hujalegeza ya kumwagia. Ukimwaga kwanza kisha ukakuta ya kujazia imeganda, una gari lisilo na oili na lisiloweza kwenda popote. Giaboksi inachukua lita 2 za oili ya 75W-90 daraja la GL-4. Ile ya GL-5 iachie difu, maana baadhi ya viambato vya oili hiyo havipatani na shaba iliyomo ndani ya giaboksi.

Kisha njoo mbele ya injini, kazi ambayo ningekushauri uifanye wikiendi ndefu na bila haraka. Mkanda wa taiming hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa historia ya wako huijui, umeshafika. Habari ya kutuliza moyo ni kwamba injini hii ni ya aina ambayo mkanda ukikatika pistoni na valvu hazigongani. Utakwama barabarani, lakini hedi itabaki nzima. Ndiyo maana nimeupanga baada ya breki. Pampu ya maji inazungushwa na mkanda wa alternata, lakini huwezi kuifungua bila kutoa wa taiming, hivyo ibadili sasa. Badili pia sili ya mbele ya krenki, sili za kamshafti, na beringi za kukazia mkanda. Vyote viko wazi mbele yako, na havitakuwa wazi tena kwa miaka mingi.

Siku hiyo hiyo badili thermostati na hosi za maji zote, pamoja na zile fupi za nyuma ya injini ambazo hakuna anayezikumbuka hadi zipasuke. Tazama tangi la juu la rejeta. Ni la plastiki, na likiwa zima ni jeusi. Likigeuka kahawia limeiva, na litapasuka siku ya foleni na jua kali. Usilizibe kwa dawa ya kumimina ndani, badili rejeta. Mfumo wote unachukua kama lita 6 za kulanti na maji safi.

Mengine nayapitia haraka. Betri ya gari hili inakaa kwenye buti, na iliyotoka nayo kiwandani ilikuwa ya kuzibwa, yenye mirija ya kutolea hewa nje. Ukiweka ya kawaida isiyo na mrija, mvuke wa asidi utakula sakafu ya buti. Inua betri uone kama haijaanza. Matairi yasome ubavuni: tarakimu nne za mwisho wa msimbo wa DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 0914 ni wiki ya 9 ya 2014. Ya umri huo hayafai, hata yakiwa na meno mapya. Nati za magurudumu zikae kati ya Nm 88 na 118, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na uzirudie baada ya kilomita 50. Bushi za chini zisubiri mwakani, ila ukizibadili usikaze bolti zake gari likiwa hewani. Literemshe likae kwa magurudumu yake kwanza, la sivyo mpira unakaa umepindika tangu siku ya kwanza na hauchukui muda kuchanika.

Na tafadhali usilete kitu chochote cha kuongeza nguvu mwaka huu. Gari hili lilionyeshwa Chicago mwaka 1989 likiwa na nguvu farasi 115 hivi na uzito usiofika tani moja, na raha yake yote iko kwenye wepesi huo. Lenye bushi nzima, matairi mapya na magurudumu yaliyopangwa vizuri linampita kwenye kona mtu aliyefunga ekzosi ya kelele juu ya shokapu zilizokufa.

Jinsi ya kufanya kazi ni muhimu kama kazi yenyewe kwa mtu wa siku za mapumziko. Fanya kitu kimoja, endesha, sikiliza, ndipo ugeuke kingine. Ukibadili plagi, sensa na chujio siku moja na gari likaanza kumisi, una washukiwa watatu. Ukibadili kimoja, unaye mmoja. Piga picha kabla ya kuchomoa, weka bolti za kila kazi kwenye mfuko wake na uandike juu yake. Usimalize siku ukiwa umeacha kitu kimekazwa nusu. Mimi hufunga kitambaa chekundu kwenye usukani kama kuna bolti isiyokazwa mahali popote, na kitambaa hakitoki mpaka spana ipite.

Bado nina neno moja juu ya krenki. Magari ya kwanza, hadi kipindi fulani cha 1991, yalitoka na pua fupi ya krenki, yaani ncha yake ya mbele inayobeba puli. Bolti ya mbele isipokazwa sawasawa, puli inacheza kidogo kidogo, kile kipande cha chuma kinachoishikilia kinachimba mfereji wake, na taiming inaanza kutangatanga. Gari linakosa nguvu, na watu wanabadili sensa na kompyuta bila kupona. Hii ndiyo sehemu pekee ya injini yako ambayo fundi asiyeijua anaweza kuiua kwa spana moja. Wako ni wa mwaka wa mpito, inaweza kuwa fupi au ndefu. Kabla ya kufungua chochote, tazama kitovu cha puli uhesabu mapengo yaliyokatwa kuzunguka bolti. Yakiwa manane, ni ndefu; endelea kwa kufuata kitabu cha ufundi cha mwaka wako. Yakiwa manne, usilegeze bolti hiyo mpaka uwe na mpya mkononi, na ukiitoa tazama mfereji kwa taa kali kabla ya kurudisha chochote.